Shingo ya Fundi na Bega la Karani

Hotuba kwa mkutano wa wanachama wa chama cha akiba na mikopo jijini Arusha. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa maswali ya katikati yameondolewa.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, mama zangu, baba zangu, kaka na dada: shikamooni wakubwa wote, na wenzangu habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Wewe ni mtu wa fiziotherapia, hii tiba ya viungo kwa mazoezi, njoo utufundishe namna ya kukaa." Nimekuja, ila hilo sitalifanya. Watu wanaokula kwa kukaa, wanaofungua kibanda asubuhi na kukifunga taa za Barabara ya Sokoine zikiwa zimeshawaka, wanajua kukaa kuliko mimi. Nitazungumza juu ya kuinuka. Na zaidi nitazungumza juu ya kinachowazuia msiinuke, maana sijapata kukutana na fundi anayependa kuumwa shingo.

Humu ukumbini naona mafundi cherehani wa varanda za mjini na wa soko la Kilombero. Naona akina mama wa shanga waliotoka Monduli. Wapo vijana wanaokata na kung'arisha vito, wapo makarani na wahasibu, na wapo wale wa ofisi za utalii wanaojibu barua pepe za wageni usiku kwa sababu kule Marekani ndiyo kwanza mchana. Kazi zenu hazifanani hata kidogo, lakini mkija kliniki mnaleta malalamiko yale yale. Mtu anashika hapa, kati ya shingo na bega, anasema panawaka moto. Mwingine akitaka kuvuka barabara hawezi kugeuza shingo, anageuka mwili mzima. Mwingine kichwa kinamuuma kuanzia kisogoni. Ameshapima malaria, ameshapima presha, hakuna kitu. Mwingine anaamka usiku mkono umekufa ganzi. Na karibu kila mmoja anakuja na maelezo yake tayari: nililala vibaya, ni baridi, ni upepo, nimeambiwa pingili zimesagika. Wapo pia wanaomtaja jirani wa kibanda cha pili, ila hao huongea kwa sauti ya chini.

Baridi ya Arusha naomba muisamehe. Ni kweli misuli hukaza kwenye baridi, na maumivu yaliyokuwepo hujitokeza zaidi asubuhi za Juni na Julai. Lakini kama shingo inauma Februari na Novemba pia, mwacheni Mlima Meru apumzike.

Tatizo hili si la Arusha peke yake wala si la leo. Kwa makadirio ya kitaalamu, mwaka 2020 watu takriban milioni 203 duniani walikuwa wakiishi na maumivu ya shingo, na huenda wakafika milioni 269 ifikapo 2050, hasa kwa kuwa watu wanaongezeka na wanazeeka. Na mwaka 1713, daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa ya makarani wa zama zake, watu waliokuwa wakiandika kwa kalamu ya unyoya kutwa nzima. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuinuka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kubanwa muda wote isije ikakosea hesabu. Hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na simu. Mkiniuliza leo nini kinawaumiza nitawatajia hayo hayo matatu, na nitaongeza jambo moja tu, namna mnavyolipwa. Nitalifikia.

Sasa tuitazame shingo yenyewe. Ina pingili 7, na juu yake kuna kichwa cha kilo 5 hivi. Kichwa kikikaa juu ya mabega, pingili ndizo zinazobeba na misuli inasaidia tu. Kikitangulia mbele, misuli ya kisogoni na ile pana inayoshuka hadi mabegani ndiyo inayokizuia kisianguke kifuani. Chukua dumu la maji la lita 5 ulikumbatie: unaweza kusimama nalo ukapiga hadithi. Sasa linyooshe mbele kwa mkono mmoja. Uzito haujabadilika, ila hadithi itakatika.

Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu hiyo kwa modeli ya kompyuta. Kichwa kikiinama nyuzi 15, mzigo kwenye shingo unafika kilo 12. Nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 60, kilo 27. Hesabu hizo zimezunguka kwenye WhatsApp mpaka zimekuwa za kuwatishia watoto wenye simu. Mimi nazitumia kwa tahadhari. Zilitoka kwenye modeli, hazikupimwa kwenye shingo za watu. Isitoshe, shingo imeumbwa iiname: usipoinama huoni unapokanyaga, huoni sahani yako. Kuinama hakujawahi kuwa ugonjwa.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mtu akilielewa hili, mengine atayapanga mwenyewe.

Msuli unapofanya kazi unajikaza, na unapojikaza unaibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Ukilegea, damu inapita, inaleta hewa na chakula, inaondoa taka. Kukaza na kulegea, kukaza na kulegea: msuli wa namna hiyo unaweza kufanya kazi siku nzima, ndiyo maana mtu anatembea kutoka Sakina hadi mjini na miguu haimlalamikii. Lakini bega la mtu anayeshona halikazi na kulegea. Linakaza kidogo tu, asilimia ndogo kabisa ya nguvu yake, halafu linabaki hapo hapo. Kwa kuwa ni kidogo, hulisikii. Na ndani ya msuli kuna nyuzinyuzi ndogo ambazo huitwa kazini mwanzo na kuruhusiwa mwisho. Ukikaza kidogo, ni hizo hizo zinazofanya kazi. Ukiendelea kwa saa tatu, ni hizo hizo bado, wenzao wakubwa wamelala. Wanasayansi wa kazi wanadhani hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Kwa hiyo mtu ananiambia, "Mbona sinyanyui kitu kizito?" Angekuwa ananyanyua kitu kizito angekuwa ameshakitua.

Ndiyo sababu sitawauzia mkao mmoja mzuri. Mtu aliyekaa wima kama askari wa gwaride kwa saa nne bila kujigeuza anaumia, na aliyejikunja kwa dakika kumi akainuka akaenda kupiga pasi haumii. Wengine huniuliza, mbona bibi zetu walibeba mikungu ya ndizi kichwani hadi soko la Tengeru na hawakulalamika? Walilalamika. Hakukuwa na mtu wa kuwaandika. Lakini pia walitembea, wakatua, wakapumzika, wakarudi mikono mitupu, na shingo zao zilipata mapumziko katikati ya mzigo. Fundi wa leo hana mahali pa kutua.

Tumwangalie sasa huyo fundi. Ni Januari, shule zinafunguliwa, na mzazi anaitaka sare kesho. Cherehani ya kukanyaga imewekwa varandani, imegeukia ukutani ili wapita njia wasiiguse. Stuli haina mgongo na ni fupi kidogo, kwa hiyo ili mikono ifike juu ya meza mabega yanapanda, na yanabaki juu. Pedali iko mbali, kwa hiyo anajisogeza hadi ukingoni mwa stuli. Kitambaa ni bluu nyeusi, uzi ni bluu nyeusi, na mwanga unatoka nyuma yake, hivyo kivuli cha kichwa chake kinaangukia penye sindano. Anashusha uso karibu zaidi ili aone mshono. Sasa mwambieni huyu mama, "Kaa vizuri." Atakaa vizuri kwa muda wa mshono mmoja, kisha sindano haionekani, na atarudi pale pale. Mgongo wake hauna kosa. Kosa liko kwenye taa, kwenye stuli na kwenye ukuta.

Basi tuanze na taa. Geuza cherehani mwanga uingie kwa ubavuni, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Chukua moja ya taa ndogo za kuchaji, ifunge karibu na sindano. Halafu macho. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Ni kila mtu, hakuna anayesamehewa. Fundi wa miaka 48 asiye na miwani ya kusomea anatafuta sindano kwa shingo yake. Kule Bangladesh ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwa watu wa vijijini wanaofanya kazi za kutazama karibu, wakiwamo washonaji. Waliopewa miwani ya kusomea, baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 33.4 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Utafiti ule ulipima pesa, haukupima shingo. Nimeutaja kwa sababu najua humu ukumbini pesa inasikika haraka kuliko shingo. Ila msiokote miwani ya mezani sokoni kwa kubahatisha. Pimeni macho kwanza, maana yapo magonjwa ya jicho ambayo hayatoi taarifa.

Stuli inapimwa kwa kiwiko. Kaa, legeza mabega mpaka mikono ining'inie, kunja viwiko. Mahali kitambaa kinapopita chini ya sindano pawe usawa wa kiwiko au juu yake kidogo, sentimita 5 hivi, kwa sababu mshonaji anahitaji kuona na kuegemeza mikono. Meza ikiwa juu sana, pandisha stuli. Ikiwa chini, chukua vipande vya mbao uweke chini ya miguu ya cherehani, vipigiliwe visicheze. Ni kazi ya seremala ya nusu saa.

La tatu ndilo gumu, ni mpangilio wa kazi. Mafundi wengi wanakata sketi kumi kwa mkupuo, wanashona zote kumi, kisha wanapiga pasi zote kumi. Najua kwa nini: hutaki kubadilisha uzi kila mara, hutaki kuwasha na kuzima pasi. Lakini katikati hapo kuna saa tatu au nne za kukaa tu. Ukizigawa sketi hizo kwa nne nne au tatu tatu, unakata umesimama, unashona umekaa, unapiga pasi umesimama, unarudi kukaa. Sketi ni zile zile na siku ni ile ile, ila mabega yamepata kulegea mara kadhaa bila wewe kuitenga hata dakika moja ya kupumzika. Hapo ndipo nilipotaka kufika juu ya malipo. Fundi anayelipwa kwa kipande akiambiwa "pumzika" anasikia "poteza hela". Ana haki. Kwa hiyo kupumzika kwake lazima kufichwe ndani ya kazi yenyewe.

Kwa wenye mafundi chini yao nina neno lingine. Mwaka 2000 Marekani kulichapishwa utafiti wa waingizaji takwimu wa ofisi ya kodi. Juu ya mapumziko ya kawaida waliongezewa dakika tano katika kila saa ambayo haikuwa na mapumziko, jumla dakika 20 kwa siku. Maumivu na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyotoka haikupungua. Dakika 20 zilitolewa, na hazikuonekana kwenye hesabu. Mwajiri anayemkaripia karani kwa kwenda kunywa maji anadhani analinda mali yake.

Akina mama wa shanga, ninyi mna kazi nzuri na mkao mgumu. Mnakaa chini, miguu imenyooshwa, kazi iko mapajani, na kichwa kinashuka kabisa. Weka mto au mkoba uliojazwa nguo juu ya mapaja, kazi ipande. Tafuta ukuta au mti wa kuegemea. Na mnapopanga rangi, zipangeni mkiwa mmesimama.

Vijana wa vito, tatizo lenu ni kiwiko kisicho na pa kuegemea. Umeshika jiwe dogo la tanzanaiti, unaliangalia kwa lenzi, mikono yote miwili iko hewani, na unazuia hata pumzi ili usikosee uso wa jiwe. Piga kibao mbele ya mashine, ukifunge kitambaa kinene, viwiko vilale hapo. Na lete jiwe kwenye jicho. Usipeleke jicho kwenye jiwe.

Ofisini sasa. Mimi ninayo mashaka na viti. Kampuni inanunua kiti cha bei ya ng'ombe, kina magurudumu na vishikio, halafu mbele yake inaweka kompyuta mpakato. Kompyuta ile imeunganisha kioo na kibodi, kwa hiyo ukikiweka kioo usawa wa macho mikono inaning'inia hewani, ukiweka kibodi usawa wa viwiko shingo inashuka. Hakuna kiti kinachoweza kutatua hilo. Kinachotatua ni kibodi ya pembeni na mausi, ambavyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kiti, na rimu mbili za karatasi chini ya kompyuta. Rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi. Mbili zinapandisha kioo kwa sentimita 10, ongeza hadi ukingo wa juu wa kioo uwe karibu na usawa wa macho yako. Mwenye miwani ya lenzi mbili ashushe kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu kutwa nzima ili asome kwa sehemu ya chini ya lenzi. Simu isibanwe kati ya sikio na bega. Na wale wa mapokezi, mgeni asikae kila siku upande mmoja wa meza, shingo yako ikageuka kushoto tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Kisheria, aliyeajiriwa Tanzania ana mapumziko yasiyopungua dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Liko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kula mbele ya kioo huku unajibu wateja si mapumziko. Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 kwa walioumia au kuugua kutokana na kazi. Mnaona wenyewe nani amebaki nje. Fundi wa varandani na mama wa shanga wamejiajiri, hawana mwajiri wa kumdai mapumziko. Chama hiki ndicho kitu cha karibu walichonacho, na nitarudi kwenu viongozi kwa ombi.

Ramazzini alitaja akili iliyobanwa, tusiiruke. Mtu mwenye bosi anayesimama nyuma yake, au mwenye harusi ya Jumamosi na magauni manane hayajakamilika, hupandisha mabega bila kujua na kuuma meno. Tafiti nyingi za kazi zimeonyesha kwamba kazi yenye madai mengi na uhuru mdogo huambatana na maumivu ya shingo. Kwa hiyo mkimwona karani anaumwa bega kila mwisho wa mwezi tu, msikimbilie kitini, angalieni tarehe.

Sasa dawa iliyo bora kuliko zote ninazozijua kwa tatizo hili. Mwaka 2011 Denmaki walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilifanya zoezi la kuvuta mpira unaonyumbuka dakika 2 kwa siku, jingine dakika 12, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi. Jingine lilipewa maelezo ya afya tu. Kwenye kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi, wa dakika 2 walishuka kwa pointi 1.4 zaidi ya wale wa maelezo, wa dakika 12 kwa pointi 1.9. Dakika mbili! Kuchemka kwa chai kunachukua muda mrefu zaidi.

Mpira wenyewe si wa kuagiza. Ni ule wa tyubu ambao bodaboda hufungia mizigo. Tusimame wote, tafadhali, hata kamati kuu. Kanyaga katikati ya mpira, shika ncha mbili, viwiko vimekunjwa kidogo. Inua mikono pembeni, mbele kidogo ya mwili, hadi usawa wa mabega, usizidishe. Shusha polepole. Mabega yasipande masikioni. Baba wa mstari wa tatu, shusha, hivyo hivyo. Unarudia mpaka uchovu uje au dakika mbili ziishe. Wiki ya kwanza utasikia misuli inauma kama ya aliyelima, hiyo inapita. Ikiwa rahisi, fupisha mpira. Mwenye maumivu yanayoshuka mkononi asianze kabla ya kuonwa. Asanteni, kaeni. Au msikae, kama mnaweza kunisikia mkiwa mmesimama.

Kuna mambo machache nawaomba muyaache. La kwanza ni kinyozi. Akimaliza kunyoa anakukanda mabega, vizuri, mpe hela yake. Halafu anashika kidevu na kisogo anakuvunja shingo mpaka ilie. Mkatalieni. Sauti ile si dalili ya kupona, na ndani ya pingili za shingo inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ni nadra, lakini ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi hapo hapo kwenye kiti, na kitambaa cha kunyolea bado kiko shingoni.

La pili ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya kununua kila wiki duka la dawa. Kwa siku chache inasaidia. Kwa miezi inaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na bega linabaki na sababu zake zile zile. Kola ya shingo nayo, isipokuwa umeandikiwa kwa sababu maalumu, inaifanya misuli isahau kazi.

La tatu ni kuogopa picha. Mtu amepigwa picha, amesoma "pingili zimesagika", na tangu siku hiyo hageuzi shingo akihofia itakatika. Mwaka 2015 Japani walichapisha picha za MRI za watu 1,211 wasiokuwa na tatizo lolote la shingo. Asilimia 87.6 yao walikuwa na diski, zile pedi laini kati ya pingili, zilizochomoza. Walikuwa wazima, wanafanya kazi zao. Mabadiliko mengi yanayoonekana kwenye picha ni umri tu, kwa ndani.

Lakini yapo ambayo sitaki mtu ayasubirie mpira wa tyubu. Maumivu yanayoshuka mkononi pamoja na mkono kulegea, ukawa unaangusha vitu. Vidole kukataa kufunga vifungo, miguu kuyumba, au mkojo na haja kukutoka bila kujua: hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali na kichwa. Maumivu baada ya kuanguka na pikipiki. Maumivu yanayokuamsha kila usiku huku unakonda. Na maumivu ya bega la kushoto, taya au mkono yanayokuja na kifua kubana na jasho. Huyo msimkande, mpelekeni, huenda ni moyo. Mwenye kisukari ambaye bega limeanza kugoma kuinuka, akashindwa hata kuvaa shati, aje mapema. Bega kuganda huwapata watu wa kisukari zaidi ya wengine. Hapa mjini kuna Hospitali ya Mount Meru, na Moshi kuna hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyopo tangu mwaka 1971 na inayofundisha wataalamu wa fiziotherapia.

Mwenyekiti, ombi langu. Chama hiki kinakopesha wanachama cherehani. Naomba fomu ya mkopo wa cherehani iwe na nafasi ya stuli ya kupimwa, taa na miwani, kwa sababu ni kiasi kidogo juu ya bei ya mashine, na fundi asiyeona wala kugeuza shingo hatalipa marejesho yenu. Na wale walio na mafundi chini yao wakubaliane leo, kabla mkutano haujafungwa, muda wa kuzima cherehani mchana. Kibanda kimoja kikizima peke yake mteja anahamia cha pili. Mkizima wote, hana pa kuhamia.

Nyuma kule karibu na mlango kuna cherehani mbili, futi ya kupimia na seremala mwenye mbao na msumeno. Tutampimia kila anayetaka urefu wa stuli yake, bila malipo, na mbao atalipia mwenyewe. Njooni mkiwa mmevaa viatu mnavyokanyagia pedali, kwa sababu kipimo kinaanzia hapo. Akina mama wa Monduli watangulie, gari lao linaondoka saa nane.